Zamu Ilikuwa ya Mama Pendo

Kibaha, nyumbani

Zuhura,

Mambo ya hujambo sijambo tuyaache. Leo jioni ukirudi kutoka Masaki yetu ya Kisarawe, kwa bibi yako, utaniambia shikamoo, nami nitaitika marahaba, na kesho alfajiri tutarudia, halafu basi la Mbeya litakuja na utapanda. Hayo ya kuamkiana mimi na wewe tumeyafanya vizuri sana tangu kabla ya mfungo. Yaliyobaki ndiyo yamenishinda. Nikifungua mdomo mbele yako natoa ukali tu, hata neno zuri likitoka linatoka limenuna. Kwa hiyo naandika, na wewe usome ukiwa ndani ya basi, mahali ambapo siwezi kukukatiza.

Sikuambii habari za sweta. Mbeya ni baridi, unajua, na shangazi yako atakusema mpaka masikio yakuume. Sikuambii habari za swala, wala za wanaume, wala uhesabu begi lako kila basi likisimama. Umekuwa mtu mzima siku nyingi, mimi ndiye niliyechelewa kuona.

Naanza na hasira, maana ndiyo iliyo karibu. Nina hasira na hii safari yako. Eti unakwenda kwa shangazi kuuza misumari na mabati! Wewe, ambaye ukiingia uani kwa watu na kamera yako wamama wote walikuwa wananyoosha vilemba. Wewe uliyekuwa ukikaa na picha za harusi siku nzima unakatakata, unaunga, unaweka muziki, mpaka bwana harusi mwenye sura ya kawaida kabisa anaonekana mtu. Watu wa Kisarawe walikuwa wanakufuata mpaka huku Kibaha. Leo unakwenda kupima misumari kwenye mizani, na jana nilipokuuliza kompyuta yako tuifanyeje ukaniambia, "Uza tu, Mama. Au mpe mtu." Ulikuwa unakunja nguo, hata kichwa hukuinua.

Hukuinua kichwa kwa sababu wote wawili tunajua kilichoiua ile kompyuta. Tunajua, na hatujawahi kukitaja. Basi leo nakitaja mimi.

Siku ile diski ya zamani ilikuwa imeanza kugonga. Kik, kik, kik, ukaniita nije nisikie. Ukaniambia, "Mama, hii inakufa. Nikiwahi leo naokoa kila kitu." Ukaenda mjini ukarudi na diski mpya umeikumbatia kama umebeba mayai. Ukanieleza kama unavyonielezaga, ukidhani sisikilizi: kwanza unahamisha kazi zako zote kwenda kwenye diski mpya, halafu ndipo unapiga windo, yaani unaiwekea mashine ule mfumo wake wa kuiendesha upya, iwe kama imezaliwa leo. Ukasema kazi ni nyingi, itachukua siku nzima, na cha muhimu isizimike katikati. Ile betri yake ya akiba ilishakufa zamani. "Isizimike tu, Mama." Nilikusikia.

Nyumba yetu unaijua, milango miwili na mita moja ya Luku. Nikinunua umeme mimi, ukiisha ananunua Mama Pendo wa mlango wa pili, ukiisha narudi mimi. Ndiyo mapatano tangu tuhamie hapa. Na Mama Pendo zamu yake ikifika huwa na hadithi. Mara simu imezima, mara mtandao, mara mume wangu atatuma. Na huku friji linanguruma, na pasi ya moto kila Jumamosi, maana nguo za kanisani lazima zisimame zenyewe.

Basi Luku ikaanza kulia. Wewe ukatoka mbio, "Mama, nunua umeme, nakuomba, nitakurudishia." Simu yangu ilikuwa mkononi. Pesa ilikuwemo ndani ya simu. Nataka ulijue hilo kama mimi ninavyolijua. Kama ningekuwa sina, ningekuwa nalala vizuri. Nilikuwa nayo, na nikakujibu, "Si zamu yangu."

Ukasema, "Najua, Mama. Nunua tu."

Nikasema, "Leo atanunua. Leo ndiyo leo."

Nikaenda nikasimama mlangoni kwa Mama Pendo. Alikuwa anapiga pasi, mwenzangu, Luku inalia na yeye anapiga pasi! Nikamwambia, umeme unaisha na zamu ni yako na pasi ni yako. Akasema anasubiri mume wake atume. Loh! Nikafungua bomba. Nikaanzia mwaka juzi, nikapita kwenye friji, nikapita kwenye zile siku alizokwenda kwao Singida akamwachia mdogo wake heater ya maji. Na siku hiyo nilikuwa nasema vizuri, Zuhura, maneno yanajipanga yenyewe, kila nililomwambia lilikuwa la kweli. Nilikuwa katikati ya sentensi taa ikazima.

Nikasikia mashine yako inashuka sauti, vuuu, kisha kimya. Nilidhani utapiga kelele. Ulisema tu, "Aa."

Na unajua nilichofanya hapo? Bado simu iko mkononi. Nilimgeukia Mama Pendo nikamwambia, "Umeona sasa?" Nilifurahi, mwanangu. Kwa muda kidogo tu, lakini nilifurahi, kwamba sasa ameaibika. Umeme ukarudi jioni mumewe alipotuma, na wewe muda wote huo ulikuwa umekaa chini pembeni ya mashine umeshika magoti yako.

Ilipowashwa, ile diski ya zamani haikugonga tena. Ukaiwekea sikio. Fundi wa mjini akakuambia imekwaruzika ndani, haina msaada. Zilizokuwa zimeshahamia kwenye mpya zilikuwa nusunusu, kila ukigusa haifunguki. Na kadi ya kamera ulikuwa nayo moja, ukimaliza shughuli hii unaifuta uende nyingine. Harusi za watu, maulidi, mahafali, vyote.

Watu wa harusi walitukana, na waliokutukana sikuwajali, wao wana harusi nyingine za ndugu zao watazipiga. Aliyenimaliza ni Bi Siwema wa Masaki. Yule alikupa kazi ya kumpiga picha mjukuu wake siku ya kumtoa mwali, na alivuna korosho zake mapema apate cha kukulipa. Ukasema lazima uende mwenyewe ukamwambie uso kwa uso. Nikakufuata. Nilikufuata nikukingie, au ndivyo nilivyojidanganya. Kweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kujitetea mimi.

Tulimkuta anamenya mihogo. Hata mkeka hatujaukalia vizuri, nikaanza: "Bi Siwema, mtoto hana kosa, ni huyo mpangaji mwenzetu, zamu yake ilikuwa imefika..." Ukanikata. "Mama, nyamaza." Hujawahi kuniambia hivyo maisha yako yote. Kisha ukamgeukia ukasema, "Bibi, zile picha nimezipoteza. Zote."

Nimezipoteza. Hukusema umeme, hukusema jirani, hukusema mama yangu huyu hapa. Bi Siwema akakuangalia sana, kisu kiko mkononi. Akasema, "Basi, mjukuu wangu. Mwali keshatoka, hatuwezi kumrudisha ndani ili umpige picha." Akatutilia mihogo kwenye sahani tule. Mimi nilikula. Mpaka leo sijui ilishukaje.

Tuliporudi ulichomoa ile diski mpya, ukaitia kwenye droo ya sindano zangu, ukaisukuma mashine chini ya meza ikiwa wazi hivyohivyo bila kava. Hukuigusa tena. Na mimi hukunigusa. Ulikuwa unapika, unafua, unaniwekea maji ya kuoga nikitoka kiwandani Zegereni, shikamoo Mama, chakula kipo Mama. Heri ungenitukana. Nilikuwa na majibu yangu yote tayari, nimeyapanga, ukiniambia hivi nakwambia vile. Hukunipa hata nafasi ya kuyatumia. Na hilo ni kosa lako, Zuhura, nalisema wazi. Ulininyima ugomvi, na mimi bila ugomvi sijui kuongea na mtu.

Nikuambie na habari ya baba yako, maana uliyoambiwa ni nusu. Umekua ukijua baba yako alifuata mwanamke Magindu akatuacha. Mwanamke yupo, kweli, na watoto wapo. Lakini walikuja baadaye. Mimi na baba yako tulikuwa na mapatano, Idd ndogo tunakula Masaki kwa mama yangu, Idd kubwa Magindu kwa mama yake. Mwaka ule wewe unatambaa, mfungo unakaribia kuisha, akaja akaniambia, mama hali yake si nzuri, tubadilishe, mara hii tuanze kwetu. Nikamwambia Idd hii ni ya kwetu. Akasema, "Najua ni ya kwenu, nakuomba tu." Nikamwambia mama yako atatuona Idd kubwa kama tulivyopatana. Nilidhani anatumia ugonjwa wa mama yake kunichezea.

Bibi yako yule hakuifikia Idd kubwa. Baba yako hakunigombeza. Alinyamaza, kama wewe, na mwaka haukuisha akawa anakwenda Magindu kununua mbuzi na kuchelewa kurudi, mpaka siku moja hakurudi. Mimi nikabaki nawaambia watu nilikuwa na haki. Nilikuwa nayo! Muulize yeyote, mapatano yalikuwa hivyo. Nimekuwa na haki maisha yangu yote, mwanangu, na angalia nilivyobaki nayo, ndani ya chumba hiki, na wewe kesho unaondoka.

Sikupi funzo hapo. Lichukue kama lilivyo. Ila nakuona umechukua kwangu kichwa, macho, mpaka namna ya kukunja mdomo, na hofu yangu ni kwamba na hili umelichukua, isipokuwa wewe unalifanya kimyakimya. Unaondoka kwa sababu una haki ya kuondoka. Unaiacha kazi yako kwa sababu ilikuumiza na una haki ya kuiacha. Utafika Mbeya na haki yako. Haya.

Sasa nikuambie cha leo.

Leo niliomba ruhusa kazini. Ulivyotoka tu kwenda kumuaga bibi yako Masaki, niliivuta mashine kutoka chini ya meza. Vumbi lake si la kusimulia, na buibui alishajenga. Nikatoa diski mpya kwenye droo ya sindano. Mara ngapi nimekushikia tochi ukitengeneza za watu, unanitajia hiki ni hiki na kile ni kile, nikawa naitika bila kuangalia? Kumbe nilikuwa naangalia. Waya mwembamba wenye kona hauingii kinyume, waya mpana ni wa umeme. Skrubu nilijaribu kwa ncha ya kisu, ikateleza ikanichana kidole. Bisibisi yako sikuiona, na mwenye nyingine humu ndani ni mmoja.

Nilisimama pale ukumbini, Zuhura, sijui muda gani. Halafu nikabisha hodi kwa Mama Pendo. Tangu siku ile tulikuwa tunapishana kama hatuonani. Nikasema, "Naazima bisibisi." Akaileta. Akaangalia kidole changu, akaangalia ndani kwetu mashine imelala chali. Akasema, "Ni ile?" Nikasema, "Ndiyo ile." Hakuuliza tena, ila hakufunga mlango wake.

Flashi yako ya kupigia windo niliikuta pale ulipoiweka, imeandikwa kwa kalamu USIIFUTE MAMA. Nikaichomeka, nikawasha. Ikaja ile rangi ya bluu, na Kiingereza changu cha darasa la saba nikakisukuma polepole mpaka ikafika mahali inasema nikiendelea itafuta kila kilichomo kwenye diski. Hapo mkono ulikataa. Najua humo zilikuwemo nusunusu tu zisizofunguka. Lakini jina la kazi ya Bi Siwema limo humo, na mimi nimeshakufutia vya kutosha bila kukuuliza.

Ndiyo maana nilikupigia. Labda ulishangaa. Nikakuuliza zile nusunusu kwenye diski mpya bado unazitaka, ukasema, "Za nini, Mama? Hazifunguki." Nikasema nauliza tu. Nikasikia kuku wa bibi yako, ukasema, "Futa." Nikadhani utakata. Ukaniuliza, "Umeme upo?"

Neno hilo tu. Hukuliuliza kwa ubaya, ulikuwa unauliza kama fundi anavyouliza. Nikasema upo, nikakata mimi, nikakaa kwenye stuli nikalia. Tangu ile siku sikuwa nimelia hata mara moja. Nikabonyeza nikiwa nalia.

Ikawa inapanda, kidogo kidogo, na mimi nimekaa naitazama. Na Luku ikaanza kulia.

Unacheka? Cheka, mimi mwenyewe ningecheka. Nilitoka ukumbini, na Mama Pendo katoka mlangoni kwake, tumesimama wawili chini ya ile mita na taa yake nyekundu inapepesa. Zamu ilikuwa ya nani? Usiniulize. Ilikuwa ya kwake. Wiki iliyopita nilinunua mimi, hilo nalijua kama jina langu. Akafungua mdomo, akasema, "Mama Zuhura, mume wangu..." Nikamwambia, "Acha." Nikatoa simu.

Namba zilipokuja nikaziingiza mbiombio, mita ikakataa. Nikaingiza tena, ikakataa. Mama Pendo akaichukua simu mkononi mwangu akaanza kunisomea, nne nne, taratibu, kama anamsomea mtoto, na mimi nabonyeza. Mara ya tatu ikakubali. Ndani mashine yako haikuzima.

Usije ukadhani tumepatana. Bado simpendi, na friji lake linakula umeme wa watu. Lakini aliniambia kitu nikakibeba mpaka ndani. Alisema, "Siku ile nilikuwa nayo pesa, Mama Zuhura. Ulivyokuja na ule mdomo nikasema sinunui ng'o." Khaa! Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na pesa yake, na wewe ndani peke yako.

Ilipomaliza ikaniuliza kompyuta hii ni ya nani, niandike jina. Nikaandika kwa kidole kimoja, Zuhura. Ikafikiri, ikakusalimia wewe kwa jina lako, hujambo Zuhura, na wewe hukuwepo, nilikuwepo mimi na kidole kimefungwa kitambaa. Kisha ikafunguka. Haina kitu. Kioo kizima kina kijipicha kimoja tu, cha pipa la taka. Nikalifungua na lenyewe, kwa ujinga wangu, nikidhani labda kuna chochote kilichobaki. Tupu.

Nimefunga skrubu zote, nimerudisha kava. Nimeizungushia kanga zangu mbili, ile ya bluu na ile uliyonipa Idd, nimeitia kwenye boksi, ipo mlangoni karibu na begi lako. Kondakta ataiweka chini kwenye mizigo. Ukiona ni mzigo, iache hapo, sitakuuliza, na wala usinieleze. Ukiifikisha Mbeya ukaitia chini ya kitanda, sawa. Ukiiuza, ni yako. Mimi nilichotaka ni iwake.

Nasikia geti, nadhani ni wewe. Namalizia haraka, maana ukiingia nitakuuliza kwa ukali mbona umechelewa, na utasema shikamoo.

Zamu ilikuwa ya Mama Pendo, Zuhura. Hilo sitalikana. Lakini aliyeniomba alikuwa wewe.

Nisamehe.

Mama yako